Barua Iliyokaa Kwangu Siku Nane

Kwenye avenue yetu, kule Kyeshero mjini Goma, hakuna anayepiga muziki katika bustani ya umma kabla majirani hawajatia sahihi. Komini, yaani ofisi ya manispaa, ndiyo inayotoa ruhusa, lakini komini haisomi barua isiyo na muhuri wa biro ya kartie, ofisi yetu ya mtaa, na biro ya kartie haigongi muhuri mpaka ione majina ya sisi tunaoishi karibu. Kwa hiyo barua hutembea. Inaanzia kwa shefu wa avenue, kiongozi wetu, inapita geti kwa geti, kila nyumba inaandika jina na neno lake, na nyumba ya mwisho ndiyo inayoipeleka kartie. Nyumba ya mwisho ni yangu. Ukuta wetu wa mawe meusi ya volkeno ndio huo huo ukuta wa bustani.

Nimepeleka barua nyingi: za kwaya, za vijana wa rap, za watu waliotaka kuozesha watoto wao mahali penye kivuli. Mzee mmoja wa hapo kati, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Kasongo, kila mara huandika kwamba adhana ikilia vyombo vinyamaze, kisha anatia sahihi na kuuliza kama kutakuwa na viti. Zote nilizipeleka bila kinyongo. Ila moja.

Hiyo moja iliandikwa na binti yangu.

Alikuwa na miaka ishirini na aliimba katika kikundi cha watu wanne. Gitaa lilipigwa na rafiki yake wa tangu shule ya msingi, msichana mwembamba asiyecheka ovyo, ambaye alikuwa amepata shule Kampala na angesafiri siku ya Jumanne. Jumapili kabla ya Jumanne hiyo, saa tisa alasiri, walitaka kupiga bustanini. Ingekuwa mara yao ya kwanza mbele ya watu wa kwao, na mara ya mwisho wakiwa pamoja. Walikuwa wamefanya mazoezi karibu mwaka mzima. Tarehe isingeweza kusogezwa.

Barua ilinifikia Alhamisi, siku kumi kabla. Komini inataka siku saba. Muda ulikuwepo, na katika hilo sina pa kujifichia.

Watu wa Goma hawaulizi mlio umetoka wapi. Wanakimbia kwanza. Miaka miwili nyuma tulikuwa kwenye sherehe ya harusi, tairi la lori likapasuka barabarani. Tairi tu. Ukumbi mzima ukajimwaga kwenye mlango mmoja, na binti yangu akaenda chini. Niliuona mkono wake kati ya miguu ya watu, nikautambua kwa bangili, na sikuweza kuufikia. Alivunjika mkono na mbavu mbili. Yeye alipona, akarudi kuimba. Mimi sikupona. Hadi leo kanisani nakaa karibu na mlango, na padri amezoea kuniona nikitoka katikati ya mahubiri kwenda kuvuta pumzi.

Sasa nilikuwa nimeshika karatasi inayoomba spika kubwa, umati, bustani yenye geti moja, na mwanangu mbele kabisa.

Ningeweza kuandika kwamba sikubali, watu huandika hivyo na dunia haianguki. Lakini mama amkatae mwanawe mbele ya avenue nzima? Niliogopa umati, nikaogopa pia macho ya majirani. Basi niliikunja ile barua, nikaenda nayo Birere ninakouza vitenge, nikaisukuma katikati ya vile ambavyo havinunuliwi haraka.

Jumamosi akaniuliza, "Mama, barua uliisha kuipeleka?"

"Niliipeleka. Ule sekretere hakukuwa."

Jumatatu akauliza tena. Nikamwambia, "Bado. Bale batu ba biro beko bavivu sana."

Alikasirika. Akawasema watu wa kartie kwamba hawapendi vijana, kwamba wanangoja kubembelezwa. Nami nikachangia! Nikamsema yule sekretere, mtu ambaye hakuwahi kunikosea, kwamba ana majivuno, kwamba hajui kusoma barua mpaka aishike siku tatu. Nilimsema vizuri hata nikajishangaa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku zile niliitembea kwa kujinyoosha.

Ila kukaa sikuweza. Mezani kwangu nilipanga vitenge kwa rangi, nikavipangua, nikavipanga kwa bei. Mteja akinyoosha mkono kwenye lile fungu, namwambia hivyo vimeshachukuliwa. Jirani yangu wa meza alinitazama asubuhi nzima, mwishowe akaniuliza, "Mama, uko na malaria?" Jumanne nilifunga saa sita, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi biro ya kartie, nikashuka, nikautazama mlango, nikamwambia dereva tugeuze. Alidhani nimesahau kitu nyumbani. Nilimjibu ndiyo, maana kudanganya kulikuwa kumeshakuwa kazi yangu.

Alasiri walifanya mazoezi uani kwetu. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nikauacha mchi ili nisikie. Rafiki yake alipiga akiwa ameinamia gitaa, na binti yangu alisimama wima, mkono ule uliovunjika ukipiga paja taratibu. Walikuwa wazuri. Nasema hivi kwa uchungu, maana nilikuwa nimeomba wawe wabaya. Nikarudi kutwanga kwa nguvu, mpaka mmoja wao akaomba mama apumzike kidogo, wanakosa mapigo.

Jumatano jioni binti yangu hakuuliza kitu. Alhamisi pia hakuuliza. Nilidhani amechoka, nikamshukuru Mungu kwa nusu saa, kisha nikaanza kumchunguza. Alikuwa akinipakulia chakula bila kunitazama. Ijumaa asubuhi niliitoa barua kwenye vitenge, nikainyoosha kwa kiganja, nikaipeleka mbio mbio kama mtu aliyebeba sufuria ya moto.

Yule sekretere alisimama, akanipa kiti chake kwa sababu kile cha wageni kilikuwa kimevunjika mguu. Akasoma polepole.

"Mama, hii iko ya Jumapili hii?"

"Ndiyo, njo ile."

"Lakini majirani balisaini wiki ilipita. Ilikuwa wapi?"

Nikasema ilinipotea. Alikuna shavu.

"Komini haitakubali tena, mama. Inaomba siku saba, na leo iko Ijumaa. Njo maana nilimwambia binti yako hatujapokea kitu."

"Binti yangu?"

"Alikuya hapa juzi. Aliniomba niangalie mu rejista. Tuliangalia mara tatu."

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na siku zote nilikuwa nimewafikiria wengine. Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka tu kwamba nilitembea kwa miguu hadi nyumbani na sikumwona mtu njiani.

Nilimkuta uani akisugua masufuria.

"Natoka ku biro," nikamwambia.

"Najua."

"Ulijua tangu juzi, ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungojea, mama. Nilisema pengine leo utaniambia."

Nikaanza kueleza. Nikamwambia habari za lile tairi, za ule mlango, za bangili niliyoiona chini nisiweze kuifikia. Nilisema mengi, na yote yalikuwa kweli. Yeye aliendelea kusugua mpaka nikaishiwa.

"Mukono ulivunjika ulikuwa wangu, mama," akasema. "Haukukuwa wako."

Jumapili jua lilikuwa zuri, na bustanini kulikuwa na mbuzi wawili na watu waliokaa kwenye nyasi. Rafiki yake alikuja kuniaga. Alikuwa hajaambiwa chochote. Binti yangu alimweleza tu kwamba biro imechelewa. Alinikumbatia, akanishukuru kwa chai yote niliyowapikia mwaka ule. Nilitamani anitukane. Jumanne asubuhi alivuka mpaka na gitaa lake mgongoni.

Majuma mengi yalipita. Tulisalimiana, tulikula pamoja, aliniletea dawa nilipokohoa. Lakini nyumbani hakuimba tena, na mimi sikuwa na uso wa kumwomba. Nilisikia kwa majirani kwamba wamepata mpiga gitaa mwingine, kijana wa Himbi. Nilisikia pia kwamba binti yangu alikwenda kwa shefu wa avenue kuomba barua zisilale tena kwenye nyumba ya mwisho, mwenye shughuli azipeleke mwenyewe. Shefu alikubali na hakuniuliza kitu.

Jumamosi moja, baada ya salongo, ule usafi wa pamoja wa mtaa, watu walipokuwa wakirudisha mafagio na majembe, geti letu likagongwa. Nikafungua. Alikuwa yeye. Ana ufunguo wa geti hilo tangu akiwa na miaka kumi na miwili, lakini alisimama nje, karatasi mkononi na kalamu, vile alivyosimama kwenye nyumba zote kumi kabla ya yetu.

"Jambo mama. Tunaomba saini yenu, juu ya muziki ku jardin."

"Ingia, mwanangu."

"Nitangojea hapa."

Niliiegemeza karatasi ukutani. Mawe yetu yana mashimo, kalamu ilikuwa ikizama. Niliandika jina langu. Kisha, chini ya pale ambapo mzee wa Kasongo alikuwa ameandika habari za adhana, nikaandika: Nakubali. Naogopa.

Aliichukua, akasoma. Akasoma tena. Ndipo akaninyanyulia macho, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wiki ile ya barua.

"Na miye naogopaka, mama," akasema. "Kila mara nikishika mikro."

Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akasimamisha moto ya kwenda kartie.