Ndoo Yangu na Tata Lufu

Nikiwa na miaka kumi, mtu niliyempenda kupita wote duniani, baba yangu akiwemo, alikuwa mchawi wa kwenye televisheni. Jina lake Tata Lufu. Lufu kwetu ni kifo, kwa hiyo aliyemtungia jina hilo hakuficha kitu. Alitokea kila Jumapili jioni kabla ya habari, katika mchezo wa kuigiza uliochezwa Lubumbashi kwa Kiswahili chetu, na mimi nilifika wa kwanza kwa Baba Ilunga, fundi wa umeme, mtu pekee mwenye televisheni katika mtaa wetu wa kampi ya wafanyakazi, Likasi. Watoto tulikaa mbele kwenye simenti, kina mama nyuma, na wanaume walisimama dirishani wakijifanya wanapita tu.

Kazi ya Tata Lufu ilikuwa moja. Alijaza maji kwenye beseni, akaita jina la mtu mara tatu, kwa upole, kama anayemwita aje kula, na sura ya mtu huyo ikatokea majini. Kisha aliyachoma maji kwa sindano, yakageuka damu. Televisheni yenyewe ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, lakini niulize hata leo, nitakuapia kwamba damu ilikuwa nyekundu. Niliijua sauti yake mpaka nikawa naita majina ya wadogo zangu ndooni, hadi mama akanichapa kwa mwiko.

Najua utasema tulikuwa washamba. Subiri kwanza. Sanduku hilohilo, mchezo ukiisha, lilituonyesha Rais akishuka kutoka mawinguni, polepole, uso wake ukijaa kioo kizima, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyethubutu kusema kwamba hiyo nayo ni teatre, maigizo tu. Aliyesema hivyo angeijua njia ya gereza la Buluo. Sasa sisi tungejuaje lipi ni la kucheka na lipi ni la kweli? Tuliyameza yote pamoja, na hakuna aliyetusaidia kuchambua.

Nyumba ya nyuma yetu alikaa Tantine Kalenga, mdogo wake mama. Mtoto wake wa kwanza, Monga, alikufa kiangazi kile akiwa na miezi mitatu. Alilazwa mzima, ameshiba, asubuhi akakutwa wa baridi. Hakuna homa, hakuna kikohozi, hakuna chochote. Wazee wanawake waliokuja matangani walinong'ona kwamba mtoto hafi hivihivi, lazima kuna mkono wa mtu. Miezi miwili baadaye Tantine alikuwa bado anafunga kifua kwa kitambaa kwa sababu maziwa yalikataa kukauka, na usiku hakulala. Sisi watoto tulimkwepa, Mungu atusamehe.

Jumapili ninayoisimulia, Tata Lufu aliita jina la kichanga. Sura ndogo ikatokea majini, imefumba macho. Sindano ikashuka. Mimi nilikuwa napiga makofi, ndiyo, nakiri, nilipiga makofi. Nyuma yangu Tantine akainuka, akanyakua kiti cha Baba Ilunga na kukirusha. Kikanipita juu ya kichwa, kikagonga ukuta juu ya televisheni, kikavunjika mguu.

"Ni vile alifanya!" alipiga kelele. "Ni vile alifanya mutoto yangu! Muntu eko pale, munamuangalia tu!"

Wanawake watatu walimbeba kumtoa nje huku akiwang'ata mikono. Mimi nilinung'unika kwamba sikuona mwisho.

Jumanne yake, mchana, nilikuwa robineni, kwenye bomba letu la mtaa, ndoo yangu imeshajaa. Akaja mwanaume mmoja na kasanduku mkononi, viatu vimejaa vumbi, akauliza nyumba ya Mama Numbi. Mama Numbi alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, na huyu alikuwa mdogo wake, amekuja kumsalimia. Lakini mimi sikusikia habari za Mama Numbi. Mimi niliona ule mdomo, nikaona yale macho.

"Tata Lufu!" nilirukaruka. "Yo, mamaa! Tata Lufu iko huku!"

Ilikuwa furaha, nakuambia. Furaha tupu. Na yeye akaicheka furaha hiyo, akaweka kasanduku chini.

"Unaitwa nani, mama?"

"Ngalula."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa wema wake. Ili anifurahishe, aliinama juu ya ndoo yangu, akaita kwa sauti ile ya Jumapili, "Ngalula... Ngalula..."

La tatu hakuliita. Ndoo ya chuma ya mama mmoja ilimshukia kisogoni, akaanguka uso kwenye simenti ya bomba. Wanawake walimwangukia kwa mitungi, kwa malapa, kwa mchi wa kinu. Kisha wakaja wanaume waliokuwa wanatoka kazini, na wao walikuwa na viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele. Nimewahi kusikia mbavu za mtu zikivunjika. Ni sauti ndogo, huwezi kuamini udogo wake. Mama mmoja alinivuta pembeni akanimwagia maji kichwani, eti nimeshaitwa mara mbili, roho yangu imebaki na uzi mmoja. Mwanaume mmoja akapaza sauti kwamba waende kuleta petroli, na mwingine akakimbia kuileta.

Ndipo alipofika Tantine Kalenga. Watu wakampisha wenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kilio. Alikuwa ameshika nusu ya tofali. Alimkalia yule mtu kifuani.

"Mutoto yangu iko wapi?"

"Mama, minye si mulozi. Ile ni teatre. Tunachezaka tu."

Tofali likampiga mdomoni.

"Mutoto yangu iko wapi?"

"Ni teatre, mama, naapa kwa Mungu, ni kazi..."

Likampiga tena, safari hii juu ya vidole alivyokuwa amejikinga navyo. "Anabisha!" watu walipiga kelele. "Mulozi anabishaka!" Kila aliposema kweli alipigwa, na kweli ilimtoka pamoja na meno. Mimi nilijua ni mchezo? Nilijua nusu. Nusu hiyo ingetosha kufungua mdomo, lakini nilikuwa nimelowa, nikanyamaza. Yule wa petroli alikuwa ameshatokea kwenye kona na kidumu chake.

Naye Tata Lufu alikiona kile kidumu. Nikamwona akibadilika, na nadhani ni mimi peke yangu niliyeona, maana uso ule niliusoma kila wiki. Shingo ikalegea. Macho yakawa membamba. Sauti ikashuka chini.

"Ndiyo," alisema. "Njo minye. Minye nilikamata mutoto yako."

Kelele zote zikakatika.

"Lakini sikumumaliza. Roho yake nilifunga, na tumbo yako nilifunga. Leo nafungula. Munipe mayi."

Kila mtu pale alijua maana yake. Kwetu, mtu aliyemfunga mwenzake kwa chuki humfungua kwa maji: anayajaza mdomoni, anamtemea mwilini, anatamka kwamba yameisha. Wajomba huwafanyia hivyo wasichana wasioshika mimba, shangazi huwafanyia watoto wasiopona. Ukimzuia anayefungua, kifungo kinabaki kwako. Kwa hiyo hakuna aliyebisha. Wakamwinua akae, wakamchotea maji kwenye ndoo yangu.

Aliyajaza katika mdomo ule uliopasuka, akamtemea Tantine tumboni, akajaza tena, akamtemea kifuani, juu ya kile kitambaa. Maji yalikuwa mekundu, na siku hiyo hakukuwa na haja ya kuapa.

"Mutoto iko kwa Mungu," alisema. "Halii tena. Na tumbo yako iko wazi. Yameisha, mama. Enda ulale."

Tantine aliliachia tofali. Akalia, jamani, akalia kilio ambacho hakukilia hata kaburini, kichwa chake kikiwa begani kwa mtu aliyekuwa anamuua. Mwenye petroli alisimama hapo na kidumu chake, akatuangalia, akakirudisha nyumbani. Mama Numbi alikuja akipiga mayowe, akamfunga vidonda ndugu yake kwa pagne, kitenge chake mwenyewe, akamkokota hadi hospitali.

Tantine alilala kuanzia jioni ile mpaka kesho yake saa sita mchana. Mwaka uliofuata alizaa msichana, na baada yake akazaa wengine watatu. Mama Numbi, dada wa mchawi, alirushiwa mawe juu ya bati kila siku mpaka mumewe akaomba nyumba kampi nyingine. Katika mchezo wa Jumapili walisema Tata Lufu amekimbilia Angola, wakaleta mchawi mpya. Sikwenda kumtazama.

Nilikutana na Tata Lufu Lubumbashi nikiwa tayari nimeolewa. Nilipeleka vitabu vya shule vya watoto vishonwe, na mshonaji alikuwa yeye: vidole viwili vimepinda, meno ya mbele hakuna. Nikamwambia mimi ni Ngalula wa robineni. Nilianza kuomba msamaha, nikashindwa kumaliza kwa machozi. Aliweka sindano chini.

"Yule mama," aliuliza, "alizaaka?"

"Alizaa. Batoto bane."

Alicheka kidogo, cheko la mtu mwenye uchungu. "Bane! Njo ile iliniua kabisa. Nilirudi kwa benzangu, bakasema sawa, ulidanganya sababu ya kujiokoa. Kiisha habari ikafika ya kwamba mama amezaa, bakasema kumbe ni mulozi wa kweli. Hakuna hata mmoja alikubali tena kucheza na minye."

Vitabu alinishonea vizuri, na aliniambia nisirudi kulia pale, wateja wataogopa.

Tantine Kalenga yupo hai, ni bibi sasa. Akikusanya wajukuu huwasimulia jinsi alivyomkaba mlozi robineni mpaka akamfungua tumbo, na mkono unapiga hewa anaposimulia. Mara nyingi nimetaka kumwambia. Lakini nikimwambia, lazima niyaseme yote mawili: kwamba alivunja mdomo wa mtu asiye na kosa, na kwamba Monga alikufa tu, bila mkono wa mtu yeyote. La kwanza angeweza kulibeba. La pili ndilo linalonifunga mdomo. Kwa hiyo namwacha asimulie, wajukuu wanapiga makofi, na mtu yule anaendelea kuwa mlozi Likasi nzima, wakati mimi nimekaa pale pale, nikijua, nikiwamiminia chai.