Utupe Leo

Jumapili iliyopita, baada ya sherehe ya kipaimara, nilikuta nyuma ya kanisa letu hapa Tunduma mikate imetupwa jalalani, mingine haijamegwa hata kidogo. Hasira iliyonipanda niliijua. Ni ya utotoni, kijijini Ruanda, wilayani Mbozi.

Enzi zile dukani kijijini hata sabuni haikuwepo. Mama alivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akarudi na mkate mmoja. Nyumba nzima ilinukia, lakini tulikatazwa kuugusa mpaka tutoke kusali.

Nyumbani tuliongea Kinyiha, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza. Basi katekista alipoanza, "Utupe leo mkate wetu wa kila siku," mimi nilisikia kutupa tu. Watu wazima na akili zao wanamwomba Mungu autupe mkate wetu!

"Usitupe!" nikapiga kelele. "Mama ameutoa mbali!"

Kanisa zima likacheka. Mama akanifinya paja. "Utupe ni utupatie, we mtoto! Lini utajua Kiswahili?"

Mama hayupo tena. Ningempeleka kwenye lile jalala, aniambie ni nani asiyejua Kiswahili.