Mashindano ya Mama Breki Yaliyokatikia Njiani

Shule nzima ya udereva ilimwita Mama Breki, na jina hilo alilipata kwa jasho. Gari la kufundishia lilikuwa na pedali mbili za breki, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na mguu wake wa kulia haukujua kupumzika. Hata nyumbani, redio ikitaja ajali, mguu ulikanyaga zulia. "Pole pole ndio mwendo," aliwaambia wanafunzi, "na asiyetaka akapande ndege."

Kwa hiyo hakuna aliyeamini alipoanza kukimbiza magari kwenye kompyuta. Kitinda mimba wake alipooa na kuhama, aliacha kompyuta yake ya michezo, boksi kubwa jeusi lililokaa sakafuni karibu na mlango. Aliyemvuta Mama Breki kwenye mchezo ni mdogo wake wa kike, muuza dawa katika mji wa mbali, alikokaa na mama yao mzee aliyeumwa mguu. Kwa miaka ndugu hao walikuwa wakipigiana simu kukiwa na msiba au ugonjwa tu. Sasa kila jioni baada ya chakula walivaa vipokea sauti masikioni na kushindana, kila mtu kwake, huku wakichokozana.

"Dada, kona unaikata kama umebeba mayai!"

"We subiri. Mayai yenyewe yatakupita."

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Mapenzi yake yalipitia kwenye randa. Hakupenda kuona boksi lile likipigwa fagio kila asubuhi. Akamtengenezea mkewe kabati la mbao ngumu: juu pa kuweka skrini, chini boksi, na milango miwili iliyojifunga kwa mlio mdogo, tik. Nyuma aliziba kwa ubao mmoja, akaacha kitundu cha kupitishia nyaya tu. Akalipiga vanishi hadi ukajiona uso.

"Humo," akasema, "vumbi litapiga hodi lichoke."

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari, maana mvua zilikuwa zinanyesha na nyumba ilikuwa ya baridi. Jua liliporudi, vituko vikaanza. Katikati ya mashindano kompyuta inazima, pu! Skrini nyeusi, kimya. Ukiiwasha baada ya muda inawaka, kama si yenyewe. Na ilijua kuchagua pabaya: mzunguko wa mwisho, Mama Breki yuko mbele.

"Ukiona nakukaribia unachomoa waya," mdogo wake akatania. Kesho yake akarudia. Kisha akaandika kwenye kundi la simu la ukoo: "Mwalimu wa udereva akizidiwa anaegesha." Mashangazi wakacheka, binamu wakacheka, hata mjomba ambaye huwa haandiki chochote akatuma kikatuni cha mtu anayecheka hadi machozi.

Mama Breki hakucheka. Katika kazi yake hakuwahi kumfelisha mtu kwa chuki wala kumpitisha kwa upendeleo, na sasa ukoo mzima ulimwona mdanganyifu. Jioni ile hakuvaa vipokea sauti. Simu ya mdogo wake ilipoita, aliitazama mpaka ikanyamaza, halafu akajichukia. Kwa mchezo wa magari, jamani?

Akaamua kuutafuta ugonjwa wenyewe. Alichapa barua za shule mchana kutwa, kompyuta haikuzima. Akapiga muziki, haikuzima. Akafungua mashindano peke yake. Haikuchukua muda, pu! Kwa hiyo inachoka ikikimbizwa. Akashuku umeme, kwa kuwa ilichangia waya wa kuunganishia na friji. Akaihamishia kwenye soketi yake yenyewe ukutani. Wapi.

Akaipeleka kwa fundi wa kompyuta, binti mmoja mwenye miwani na mikono myepesi. Fundi akafungua ubavu wa boksi, akapuliza vumbi, akasafisha feni, kisha akaiachia mchezo mzito pale mezani mpaka akafunga duka. Haikuzima hata mara moja.

"Mama, hii haina ugonjwa."

Jioni hiyohiyo, nyumbani, ikazima. Mama Breki akampigia fundi. "Mwanangu, au inanichukia mimi?"

Fundi akacheka kwa huruma. "Kwako inakaa wapi?"

"Kwenye kabati."

"Lina milango?"

"Lina."

"Na unaifunga?"

Mama Breki akaligeukia kabati; milango ilikuwa imefungwa.

"Mama, ikifanya kazi nzito inatoa joto jingi. Feni zinavuta hewa baridi, zinatema ya moto. Ukiifungia, inavuta ileile iliyoitema. Joto likizidi, inajizima isije ikaungua."

Mama Breki akafungua mlango wa kabati, akaingiza mkono. Ilikuwa kama kufunua sufuria jikoni. "Ala! Na mimi ndiye ninayewafundisha watu kuangalia geji ya joto!"

Dawa ilijulikana, kazi ilikuwa kumwambia mwenye kabati. Akaanza kucheza milango ikiwa wazi. Mumewe akipita na kikombe cha chai, anaisukuma kwa goti: tik. "Vumbi, mama watoto," anasema, na kuendelea na safari yake. Yeye anafungua, mume anafunga. Ikawa hivyo siku kadhaa, mpaka kompyuta ikazima tena, naye akashindwa kuvumilia.

"Baba watoto, kabati lako ni zuri kuliko kitu chochote humu ndani," akasema. "Lakini kompyuta haipumui."

Mzee akalisogelea kabati. Akapiga magoti, akaingiza mkono, akauacha humo kwa muda. Kisha akatoka. Mama Breki alisikia mlango wa karakana, akajuta ulimi wake. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kuomba msamaha mzee aliporudi na msumeno mwembamba na keekee ya kutobolea mbao.

"Shika hapa," akasema.

"Usilikate! Tutaiweka mezani tu."

"Shika, nimesema. Kabati linaloua kilichomo ndani ni jeneza."

Wakaligeuza. Akakata ubao wa nyuma karibu wote, kisha akatoboa matundu safu kwa safu chini ya milango. Vumbi la mbao likamwagika juu ya ile vanishi. Alipomaliza alipitisha kidole kwenye kila tundu kuona kama lina miba, akauliza bila kumtazama, "Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuona ulivyolipenda."

"Nililipenda kwa sababu ni lako."

Wakalisogeza mbali kidogo na ukuta, hewa ipate njia. Jioni iliyofuata Mama Breki alimpigia mdogo wake.

"Sikuwa nachomoa waya," akasema. "Lilikuwa kabati la shemeji yako. Lilikuwa linainyima kompyuta hewa."

"Kabati?"

"Kabati."

Mdogo wake alicheka hadi akakohoa, kisha akaacha ghafla. "Dada, nilidhani umenichoka. Ulipoacha kupokea, nilishindwa hata kulala. Nisamehe kwa yale ya kwenye kundi."

"Nimeyasahau. Vaa vipokea sauti tucheze."

Walishindana. Kompyuta ilivuma, ikatema joto lake ukutani, ikaendelea. Mzunguko wa mwisho Mama Breki alikanyaga breki pasipostahili, akagonga ukingo, akapitwa na mdogo wake na hata magari ya kompyuta. Lakini aliendesha mpaka kwenye mstari, akaumaliza wa mwisho kabisa, mume akiwa amesimama nyuma ya kiti akipiga makofi.

"Tena?" mdogo wake akauliza.

"Subiri kwanza. Mguu wa mama unaendeleaje?"

Magari yao mawili yakabaki yamesimama kwenye skrini, na wao wakaongea.