Pikipiki Iliyokosa Pumzi

Miaka ya tisini nilikuwa daktari wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mtungini, pande za Roret, juu kwenye milima ya chai. Pikipiki yangu ilikuwa ya Kiingereza, kikongwe kunizidi. Ikifika mlimani ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikakata tamaa. Mimi na ukaidi wangu nikaamua ina njaa. Kwetu mgeni akionekana mnyonge hulishwa kwanza, maswali baadaye. Nikafungua kabureta, nikatoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, nikalipanua tundu kwa waya. Halafu nikafunika mdomo wa hewa kwa kipande cha gunia ili vumbi lisiingie. Nikajiona fundi.

Ikazidi kuwa mbaya. Mara mbili nilifika kwa mjane mmoja joto la ng'ombe wake, ile hamu ya kutaka dume, likiwa limekwisha. Ng'ombe mwenyewe ni mmoja tu, na maziwa yamekauka. Mara ya tatu alituma neno asubuhi: nikichelewa tena, ng'ombe anakwenda buchani.

Siku hiyo pikipiki ilizima mbele ya kiwanda cha chai. Nilitaka kulia, sioni aibu kusema. Mzee mmoja Mjaluo, mchochea moto wa kukaushia majani, alikuwa anatoka zamu. Akafungua plagi. Ilikuwa nyeusi tititi.

"Daktari, hii haina njaa. Umeishibisha mpaka imekosa pumzi."

"Lakini haina nguvu, mzee."

"Huku juu hewa ni nyepesi. Hata moto wangu, nikiongeza kuni na sijafungua hewa, ni moshi tu. Ikikaa sawa, plagi itakuwa rangi ya chai ya maziwa."

Akang'oa gunia langu. Kwenye karakana ya kiwanda akaliziba tundu la jeti kwa tone la lehemu, akalitoboa upya kwa ncha ya sindano ya kushonea, akaiinua jeti juani. Niliona nukta ya mwanga, ndogo kuliko chembe ya wimbi. Mlima wote ule ulikuwa unategemea hapo!

Pikipiki ilipanda bila kukohoa hata mara moja. Nilipiga kelele peke yangu katikati ya majani chai, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamkuta ng'ombe bado ana joto.

Miezi tisa baadaye alizaa ndama jike. Maziwa yalipokuwa safi kunywa, mjane alinipa kibuyu kimoja nimpelekee mzee wa kiwanda. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini, akataka kwanza kuiona plagi.

Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.