Mvushaji wa Upper Wendle na Gari la Kijivu

Saa mbili kamili asubuhi, na Desmond Pargeter ameshalizunguka sanduku la posta mpaka nyasi zimelala. Watoto hawatatokea kwa nusu saa nzima. Inanyesha mvua nyembamba, ile ambayo hapa Upper Wendle hakuna anayeiita mvua.

Amevaa koti la manjano linalofika karibu na viatu. Mkononi ameshika mti mrefu wenye kibao cha duara juu yake, kama pipi ya kijiti ya jitu, kilichoandikwa neno moja la kuamuru magari yasimame. Kila kitu katika barabara hii hulitii neno hilo, isipokuwa mwenye kulibeba.

Leo hatulii zaidi ya kawaida. Kando ya ukuta wa kanisa limeegeshwa gari la kijivu lisilojulikana na mtu. Ndani yake kuna mwanamume, na vioo vimeshaingia ukungu.

"Beryl!" Des anaita kwa sauti ambayo yeye anadhani ni ya kunong'ona. "Beryl, ni wao!"

Ng'ambo ya barabara, Beryl Tuckwell, mwenye duka la kijiji, anatoa kichwa mlangoni, trei ya mikate kifuani.

"Jana ulisema hivyohivyo kuhusu gari la daktari wa ng'ombe."

"Yule alikuwa ananikodolea macho!"

"Ulisimama mbele ya gari lake, we mzee. Ulitaka akodolee wapi?"

Hofu ya Des ina msingi. Halmashauri inataka kujua kama kijiji hiki bado kinahitaji mtu wa kuvusha watoto. Siku yoyote kabla ya Oktoba kwisha, mtumishi wake atakuja bila taarifa, ataketi mahali, atahesabu watoto wanaovuka na magari yanayopita, kisha atazidisha hesabu moja kwa nyingine. Jawabu likiwa dogo, mti utarudishwa stoo na Des atarudishwa nyumbani.

Nyumbani hakumtaki. Hayo si maneno ya gazeti hili. Ni ya mkewe, Noreen.

"Nampenda sana," anasema Noreen, "lakini nampenda akiwa nje. Tangu tuoane sijamwona akimaliza kikombe cha chai ameketi. Likizo ya Agosti alibandua karatasi za ukuta sebuleni. Zilikuwa mpya."

Malipo hayatoshi kumpa mtu kiburi: pauni mia tatu hivi kwa mwezi, na Agosti hakuna kitu. Ila Des, mwenye umri wa miaka sitini na saba, hazungumzii pauni. Ukimuuliza kwa nini anaitaka kazi hii, anaanza kusimulia habari za kiti.

Mwaka wa mambo hayo ulikuwa 1965, naye alikuwa na miaka saba. Shule ya Upper Wendle ilikuwa chumba kimoja kikubwa, na ndivyo ilivyo hadi leo, ingawa siku hizi vyoo viko ndani na hakuna anayelazimika kukimbia kwenye theluji akiwa ameshika kaptura. Katikati palikuwa na jiko la makaa. Asubuhi za baridi, chupa ndogo za maziwa ziliwekwa kulizunguka zipate kuyeyuka.

"Zile za mbele zilichemka, za nyuma zilibaki barafu," Des anakumbuka. "Ukiwa mtoto mzuri ulipewa ya katikati. Sijui ladha ya ile ya katikati. Nasikia ilikuwa nzuri."

Tatizo lake lilikuwa moja. Hakuweza kukaa. Mwalimu akiandika ubaoni, Des alikuwa dirishani. Mwalimu akienda dirishani, Des alikuwa chini ya meza, kwa sababu ambazo mpaka leo hazijathibitishwa.

Ndipo akaja mwalimu wa muda, Bwana Lisle, mtu wa kanuni. Siku yake ya tatu alichukua kamba ya kurukia ya wasichana, akamfunga Des kwenye kiti. Kisha akaenda kumtazama mtoto aliyekuwa akitokwa na damu puani.

Aliporudi, hapakuwa na Des, wala hapakuwa na kiti.

"Nilikatiza uwanja wa kijiji nacho mgongoni, kama konokono," anasema Des. "Bwana Hathersage, yule mfugaji, alinikuta njiani. Akavua kofia, akasema, 'Asubuhi njema, Desmond. Unahama?'"

Mama yake alimfungua, akampa mkate na jemu. Asubuhi iliyofuata alimrudisha shuleni yeye na kiti, akamwambia Bwana Lisle mbele ya darasa zima: "Ahsante sana mwalimu, lakini viti tunavyo."

Bwana Lisle hakukaa sana baada ya hapo. Mkuu wa shule, Bi Oakeshott, alirudi kutoka hospitali, akasimuliwa yote. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye soksi nene na uwezo wa kumsikia mtoto akitafuna peremende kupitia ukuta.

Siku zile, jioni watoto walipotoka shule, ng'ombe wa Bwana Hathersage nao walipita barabara hiyohiyo wakienda kukamuliwa. Mara nyingi walipishana vizuri. Wiki ile hawakupishana vizuri. Ng'ombe mmoja alimsukuma msichana mdogo kwenye majani ya kuwasha, akamkanyaga mguu.

"Msichana mdogo ni mimi," Beryl anaingilia kutoka mlangoni. "Andika hilo. Ukucha wa kidole gumba haujanyooka mpaka leo. Nikuonyeshe?"

Gazeti hili lilishukuru na kukataa.

Bi Oakeshott akachukua mpini wa fagio, akaufunga kitambaa chekundu ambacho kijiji kizima kinaamini kilikatwa kutoka kwenye sketi yake ya ndani. Akamtoa Des nje, akamsimamisha katikati ya njia.

"Aliniambia, 'Desmond, ng'ombe wale wanakuja. Wadogo nao wanakuja. Ukisogea, Beryl atakanyagwa mguu wa pili.' Halafu akaenda zake. Hata hakugeuka."

Na wewe ulifanyaje?

Des anaacha kulizunguka sanduku la posta. "Nilisimama," anasema, kana kwamba anaeleza muujiza uliompata mtu mwingine. "Ng'ombe thelathini mbele yangu, na mimi nimetulia tuli. Nikasikia miguu ya wadogo ikipita nyuma. Yule ng'ombe wa mbele akanipulizia pua usoni. Sikusogea. Hiyo ndiyo siku pekee niliyojua shule ni ya nini."

Alishika fagio lile miaka minne. Alipomaliza shule aliezeka mapaa, akabeba barua, akafunga mbaazi kwenye makopo, akaendesha lori la makaa, akachimba mitaro. Hakuna kazi iliyomshika zaidi ya miaka miwili. Miaka kumi na sita iliyopita mvushaji wa zamani alistaafu, na Des akafika kuomba nafasi kabla tangazo halijakauka gundi.

Hayo yote yanaeleza kwa nini Juni iliyopita kijiji kiliamua kumsaidia. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mara ile halmashauri ilitangaza siku ya hesabu. Beryl aliitisha kikao baani. Mpango uliopitishwa kwa kauli moja ulikuwa rahisi: kila mtoto avuke, akumbuke kwamba amesahau kitu nyumbani, arudi, avuke tena. Wengine walisahau mikoba. Wengine walisahau kofia. Mmoja alisahau kaka yake.

Walipoona watoto hawatoshi, wakubwa waliingia uwanjani. Beryl alisukuma kigari cha mtoto chenye mbwa ndani, aliyevishwa kofia ya kitoto. Mumewe, Gordon, alivaa kaptura na kofia ya shule.

Aliyetumwa kuhesabu alikuwa binti aitwaye Nadine Cope. Alikaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, akibofya kidude chake cha kuhesabia. Mwisho akasimama.

"Shule hii ina wanafunzi arobaini na mmoja," akasema. "Nimehesabu mia mbili na kumi na wanne. Mmoja ana ndevu."

Gordon akavua kofia.

"Lakini hilo silo tatizo lenu," Nadine akaendelea. "Tatizo lenu ni magari. Yamepita tisa."

Hakuna aliyelifikiria hilo. Maadamu kuna mtoto barabarani, Des haruhusiwi kushusha kibao, na watoto hawakuisha. Lori la maziwa lilisimama mbele yake, nyuma yake foleni ikafika darajani, na madereva wote wenye akili wakageuza, wakapita njia nyingine, ya kwenye kinu cha unga. Kijiji kilikuwa kimemvusha Des kabisa nje ya kazi yake.

"Nilisimama nusu saa nzima mkono juu, sijasogea," anasema. "Maisha yangu yote watu wananiambia tulia. Nimetulia, ona!"

Nadine, ambaye mabega yake yalikuwa yakitikisika nyuma ya mwavuli, aliwaambia ataandika kwamba hesabu imevurugika. Atakuja mwingine baada ya likizo, hatasema lini. "Na safari hiyo," akasema, "tafadhali, kila mtu avuke mara moja. Mbwa atembee kwa miguu."

Tangu hapo kila gari geni ni mashaka. Des amelala vibaya Septemba yote.

Sasa ni saa mbili na nusu. Watoto wa kwanza wanajitokeza penye kona, na hapo hutokea jambo ambalo halielezeki kwa mtu asiyemjua. Des anashuka barabarani, anainua mti, na kila kilichokuwa kikihangaika ndani yake kinanyamaza. Magoti yametulia. Macho yametulia. Gari la posta linasimama, dereva anampungia mkono.

"Haya, haya, vukeni mashujaa. Alfie, kamba ya kiatu. Si hapo katikati, mwanangu! Ng'ambo!"

Magari ni machache. Beryl anakuja mbio hadi ukingoni.

"Des! Nimpigie simu mjukuu wa Hathersage? Apite na trekta, azunguke mara nne tano tu. Nani atajua?"

"Hapana."

"Trekta ni gari!"

"Nimesema hapana, Beryl. Bi Oakeshott angejua."

"Alikufa mwaka themanini na tisa!"

"Angejua."

Beryl anairudisha simu mfukoni, maana naye alisoma kwake.

Mtoto wa mwisho akishavuka, mlango wa gari la kijivu unafunguka. Mwanamume anashuka, ananyoosha mgongo, anatazama duka. Kidude cha kuhesabia hakionekani, lakini mikono yake imo mifukoni. Anafika ukingoni, anasita. Kutoka darajani linakuja gari la mikate.

Des angeweza kumuuliza. Badala yake anaingia barabarani, anainua mti, gari la mikate linasimama, naye anatembea ubavuni mwa mgeni hadi mlango wa duka.

"Ahsante," mgeni anasema, na kununua maandazi mawili ya nyama. Anavushwa tena, anaingia garini, anaondoka.

"Enhe?" Beryl anauliza. "Ndiye?"

"Sikumuuliza."

"Hukumuuliza! Mwezi mzima unanitoa roho kwa magari, halafu hukumuuliza!"

"Kama ndiye, ameshaona. Kama siye, amevuka salama."

Tayari ameanza tena kulizunguka sanduku la posta. Chai ambayo Beryl amemletea anaikubali, mradi asiambiwe akae. Anasema anaomba mwaka mmoja tu, afike Septemba ijayo. Siku hiyo Posy, mjukuu wa Beryl, ataanza shule.

"Nilimvusha bibi yake mbele ya ng'ombe," anasema. "Nataka nimvushe na huyu. Baada ya hapo wachukue mti wao."

"Nakuonya mapema," Beryl anasema. "Yule mtoto hakai. Jana amepanda juu ya friji. Mama yake anauliza kama shule watamuweza."

Des anasimama tuli, kikombe njiani kuelekea mdomoni.

"Hakai?" anauliza. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi usitupe mafagio ya zamani," anasema Des.