Salamu ya Dirisha la Nne

Shangazi yangu ni msusi, na hamwamini mtu. Mteja akiisifia mikono yake, yeye hujiuliza anataka kupunguziwa nini. Basi tulipopata miadi ya kibali cha ukaazi, baada ya kuihangaikia tangu tuhamie nchi hii, badala ya kushukuru akanuna.

"Mbona wametupa kirahisi?"

Kirahisi! Kidole changu kilikuwa kimeota sugu kwa kubofya simu.

Uhamiaji tuliitwa dirisha la nne. Shangazi aliubana mkoba kwapani kama kuku anayetaka kutoroka. Ofisa, bwana mmoja mwenye tai, akasoma jina lake kwenye faili, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili safi, "Shikamoo, mama. Habari za nyumbani?"

Mimi nilitamani kumbusu kupitia kioo. Shangazi akakaza shingo. "Nyumbani kuna nini?"

"Aa, salamu tu, mama. Watoto hawajambo?"

"Watoto gani? Nani kakwambia nina watoto?"

Nilimkanyaga mguu, lakini nikachelewa. Ofisa aliweka kalamu chini, akafunua faili polepole mpaka kwenye picha za watoto watatu wa shangazi, tuliowaombea kibali pamoja naye. Tabasamu likazimika, na Kiswahili nacho kikapotea. Kwa lugha ya pale akatuambia turudi siku nyingine, na watoto wenyewe, na vyeti vyao vya kuzaliwa.

Tulipofika nje, shangazi alinipiga kikumbo.

"Si unaona? Nilijua tu ile salamu ina jambo."