Funguo Alizopewa Mdogo Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa magari hapa Kisumu tangu kabla hatujaoana. Miaka ile mbio za magari zilikuwa bado changa kwetu. Watu walichukua magari ya kawaida, yale yale ya kwenda kazini na kanisani, wakang'oa viti vya nyuma, wakachomelea mabomba ya maji ndani ili paa lisibonyee, kisha wakashindana kuzunguka uwanja wa murram, udongo mwekundu wenye changarawe, nje kidogo ya mji. Mume wangu alilitengeneza lake kwa miezi minane. Namba ya mlangoni niliipaka mimi, kwa rangi iliyobaki ya madirisha yetu.

Asubuhi ya mashindano aliamka na malaria. Alitetemeka hata akashindwa kufunga kamba za viatu. Mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Asembo Bay kutazama. Alikuwa na leseni, na kwa mwaka mzima alikuwa akiendesha pikapu ya mama yetu ya kubebea samaki.

"Tuliondoe gari mashindanoni," mume wangu alisema. "Kuna mwaka ujao."

Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa nimeshonesha gauni jipya, na majirani zetu wa mtaa wa Nyalenda nilikuwa nimewaambia wote kwamba gari letu litashindana.

"Mwache shemeji yako aendeshe," nikasema. "Anaweza."

Alinitazama, akamtazama mdogo wangu ambaye tayari alikuwa anacheka, akampa funguo.

Kufikia mzunguko wa nne vumbi lilikuwa zito. Magari hatukuyaona, tuliyasikia tu. Vumbi lilipotulia upande mmoja, gari letu lilikuwa limelala juu chini ukingoni, na mume wangu na homa yake alikuwa anakata uwanja mbio huku magari mengine yakimpita. Mabomba yalikuwa yamelishikilia paa. Mlango ndio uliofunguka. Mdogo wangu alikuwa amerushwa mbali, kifudifudi, na hakuamka.

Tulipofika nyumbani Asembo Bay na mwili, mama hakuuliza ilikuwaje. Aliuliza, "Nani alimpa hilo gari?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu akaniwahi. "Ni mimi, Mama."

Tangu siku hiyo mama hakupokea salamu yake. Akija kututembelea, mume wangu alishinda gereji mpaka aondoke. Miaka mingi baadaye, mama alipougua, ni mume wangu aliyekuwa akimpeleka hospitali Bondo, mama kiti cha nyuma, hawasemezani, mimi mbele nikizungumzia mvua na bei ya omena, dagaa wetu wa ziwani. Mama alikufa akiamini kwamba lilikuwa wazo la mume wangu.

Mwaka huu ikawa zamu ya mume wangu kulala wodini. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama ukweli, kwamba ni mimi niliyeshikilia.

"Mama alikuwa amebaki na wewe tu," akajibu. Kisha akaniomba nimgeuzie mto.

Baada ya mazishi yake nilimweleza binti yetu mkubwa. Tulikuwa tunaosha sufuria za wageni. Aliacha kuosha.

"Na wewe ukamwacha Baba abebe hayo yote?"

"Ndiyo," nikasema.

Alipangusa mikono, akatoka nje. Wiki hii ameanza tena kunipigia simu. Ananiuliza kama nimekula, nami namwambia nimekula.